Mwalimu wa Kiswahili kwa wageni aanze kwa kusikiliza

Mwulize mwalimu tarajali aliyetoka kufanya mtihani wa ujifunzaji wa lugha ya pili Krashen alisema nini, au Selinker alikuwa na hoja gani mwaka 1972, atakujibu bila kusita. Kisha mpe sauti ya dakika tatu ya Mjerumani anayejifunza Kiswahili, umwulize: huyu amefika wapi, na kesho utamfundisha nini? Hapo wengi hukwama. Nawaandikia wakufunzi wanaoandaa walimu wa Kiswahili kwa wageni, iwe Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi au ughaibuni, pamoja na walimu tarajali wenyewe, kuhusu namna ya kuutoa utafiti huo kwenye daftari la mihadhara na kuufanya kazi ya kila siku.

Hoja yangu ni moja: kozi ianze na maneno yanayotoka kinywani mwa mwanafunzi, nadharia ifuate. Nadharia ikimkuta mwalimu tayari ana jambo linalomtatiza, huishika kwa siku moja. Ikitangulia, huikariri na kuisahau.

Ngeli siku ya kwanza

Dan Lortie, mwanasosholojia wa Marekani, aliandika mwaka 1975 kwamba anayeingia chuo cha ualimu ameshakaa darasani takriban saa 13,000 akiwa mwanafunzi, akiwatazama walimu wakifanya kazi. Saa hizo ndizo humfundisha kufundisha, na semina chache za chuoni haziwezi kuzifuta. Kwa mzawa wa Kiswahili jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu masomo ya Kiswahili aliyoyaona yalikuwa ya watu ambao tayari wanakisema. Mwalimu aliandika A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI ubaoni, na watoto wakapata majina ya sarufi waliyokuja nayo kutoka nyumbani. Mwalimu tarajali akisimama mbele ya wageni hufanya vilevile. Lakini mgeni hana sarufi hiyo. Anapewa majina ya vitu ambavyo hajawahi kukutana navyo, anayanakili kwa adabu, na wiki ya sita bado anasema "kitabu yangu".

Kuna mtego mwingine hapohapo. Shule zetu hupanga ngeli kwa upatanisho wa kisarufi, ilhali vitabu vingi vya Ulaya na Marekani huzipanga kwa umbo la nomino (M-WA, M-MI, JI-MA, KI-VI, N) au kwa namba, 1/2, 3/4 na kuendelea. "Kiongozi" kwa umbo ni KI-VI, kwa upatanisho ni A-WA. Mwalimu asipolijua hili mapema, siku ya kwanza atabishana na kitabu mbele ya wanafunzi, na wanafunzi wataamini kitabu. Wiki ya kwanza wape walimu tarajali nomino 30 za kila siku, zikiwemo kiongozi, kijana, rafiki, dereva, mbuzi, ugonjwa na jino, waziandike katika mifumo yote miwili. Saa moja inatosha, na haihitaji mhadhara.

Dakika tatu za sauti

Kazi inayobeba kozi nzima ni hii. Kila mwalimu tarajali amtafute mgeni mmoja anayejifunza Kiswahili, amweleze sauti itatumika kwa nini, apate ridhaa yake, kisha amrekodi kwa simu. Simu ilazwe juu ya kitambaa, karibu na mdomo kuliko na feni. Asimwambie "jitambulishe", kwa maana utambulisho mgeni ameshaukariri na utamwonyesha kuwa hodari kuliko alivyo. Ampe picha sita zinazofuatana ili asimulie kisa, au amwulize alifanya nini Jumamosi iliyopita. Arekodi dakika nane au kumi, achukue tatu za katikati, pale woga umepungua na maneno ya kukariri yamekwisha.

Kisha aandike kila kilichosemwa: kusita, kurudia, neno lililokatwa nusu, neno la Kiingereza lililopenya. Kwa anayeanza, dakika tatu za sauti humla dakika 40 hadi saa nzima. Asipewe programu ya kumwandikia. Programu hizo zimefundishwa kutoa Kiswahili sanifu, hivyo husahihisha, na makosa ndiyo tunayoyatafuta.

Sikio la mzawa nalo husahihisha, na hili ndilo linaloharibu kazi nyingi za mwanzo. Mgeni amesema "watoto anacheza", mwalimu tarajali ameandika "watoto wanacheza" na yuko tayari kuapa kwamba ndivyo alivyosikia. Hasemi uongo. Akili ya mzawa imezoea kuokota maana na kuijazia sarufi bila kuombwa. Dawa yake ni watu wawili kuandika sauti ileile kila mmoja peke yake, kisha kulinganisha mstari kwa mstari. Kila walipotofautiana, wasikilize sekunde hizo mara tatu. Mkufunzi asiwaambie nani yuko sahihi mpaka wamemaliza. Baada ya kurasa mbili za namna hii mtu huanza kusikia tofauti, na sikio hilo halimtoki tena.

Tazama kipande cha mfano, cha mwanafunzi wa muhula wa kwanza:

"Mimi ninakwenda sokoni na... na rafiki yangu. Sisi tunanunua ndizi tatu na kitabu... kitabu moja. Kitabu ni kubwa. Rafiki yangu hapana penda kitabu. Mimi ninaona yeye, yeye anacheka."

Mwalimu wa kawaida ataona makosa manne na kalamu nyekundu. Mwalimu tunayemtaka aone zaidi. Viambishi vya nafsi vipo vyote, ni-, tu-, a-, ila kila kimoja kimetanguliwa na kiwakilishi chake, "mimi ninakwenda", "sisi tunanunua". Huenda mwanafunzi huyu bado hajaamini kwamba ni- peke yake inatosha, na huenda "ninakwenda" kwake ni neno zima lisilokatika. Njeo, yaani alama ya wakati, ni moja tu, -na-, ingawa kisa ni cha jana. Upatanisho wa kivumishi haupo kabisa: "kitabu moja", "kitabu ni kubwa". Yambwa, yaani mtendwa, imekaa nje ya kitenzi, "ninaona yeye", mahali pa "ninamwona". Halafu "hapana penda": ameweka neno la kukanusha mbele ya kitenzi kisichobadilika. Watafiti wa miaka ya 1970 waliona hatua ya aina hii kwa wanaojifunza Kiingereza kutoka lugha mbalimbali. Sisi Afrika Mashariki tumeisikia kwetu pia, katika Kiswahili cha walowezi wa Kenya, "hapana taka", "hapana jua". Si uvivu wala dharau. Ni ngazi ya kwanza ya kukanusha kwa mtu ambaye bado hawezi kufungua kitenzi na kubadilisha sehemu tatu kwa pamoja. Maana "hapendi" inadai yote hayo: ha- iingie, -na- itoke, na a ya mwisho iwe i.

Hapo ndipo mkufunzi anapomleta Pit Corder, aliyeandika mwaka 1967 kwamba makosa ya mwanafunzi ni ushahidi wa mfumo alio nao kichwani, na Selinker baada yake, aliyeuita mfumo huo "interlanguage", lugha ya katikati. Mwalimu tarajali anao mfumo huo mezani, kwa maandishi yake mwenyewe.

Kuhesabu panapostahili

Kuorodhesha makosa peke yake hupotosha. Mwanafunzi aliyekosea -ki- mara tano anaonekana dhaifu, kumbe aliihitaji mara 25 na kuipata 20. Mwingine hajakosea hata mara moja kwa sababu ameikwepa. Roger Brown, katika kitabu chake cha mwaka 1973 kuhusu watoto wa Marekani, alihesabu mahali panapodai umbo fulani, kisha akatazama umbo hilo limetokea mara ngapi. Likifika asilimia 90 alilihesabu limeshikwa. Njia hii inafaa darasani bila vifaa vyovyote. Chora safu tatu: mahali palipodai, palipopatikana, palipowekwa pasipostahili. Safu ya tatu ndiyo inayosahauliwa, nayo ina mengi. Mwanafunzi anayesema "kiongozi kinasema" na "kijana kinakimbia" ameshika KI-VI vizuri kiasi cha kuivusha mipaka. Anahitaji somo la viumbe hai, hana haja ya kurudishiwa KI-VI.

Maumbo matatu tu kwa kila mwanafunzi yanatosha. Ninapendekeza njeo, upatanisho wa kivumishi na kiambishi cha yambwa. Anayehesabu kumi hatamaliza, na akimaliza hatajua la kufanya nazo.

Swali hujitokeza hapa: kwa nini tusifuate tu mpangilio wa mtoto mzawa? Utafiti upo. Kamil Ud Deen alichunguza watoto wanne wa Nairobi, na kitabu chake kilitoka mwaka 2005. Watoto wale huangusha kiambishi cha nafsi mara nyingi, lakini kiambishi cha yambwa hukiweka panapodaiwa tangu wadogo sana, kabla ya kutimiza miaka mitatu. Ulinganishe na mgeni wetu hapo juu: nafsi anazo zote, yambwa hana. Mtu mzima anakuja na lugha yake, na kitabu, na uwezo wa kuchanganua. Kwa hiyo mwalimu asimfanye mtoto. Amsome alivyo.

Kiambishi kisichosikika

Sehemu hii ningependa ipewe saa nyingi kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayogusa Kiswahili chenyewe.

Mkazo wa neno la Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Sema kwa sauti: nilipika, nitapika, ninapika, nimepika. Mkazo wote uko kwenye "pi". Kinachotofautisha jana, kesho, sasa na tayari ni silabi moja isiyo na mkazo, iliyobanwa katikati. Mzawa anaisikia bila kujua kama anaisikia. Mgeni haisikii, na wala haihitaji, kwa sababu sisi walimu tumempa "jana". Bill VanPatten alionyesha kwamba mwanafunzi hushika kwanza maneno yenye maana nzito, na umbo la sarufi linalorudia maana ileile hulipita. Ukisema "Jana nilipika wali", "jana" imemaliza kazi. -Li- inapita kama haipo. Vitabu vingi hufundisha -li- kwa sentensi zenye "jana" kuanzia ukurasa wa kwanza wa somo hadi wa mwisho, na mwanafunzi hupata majibu yote bila kuisikia -li- hata mara moja.

Zoezi ambalo kila mwalimu tarajali alitengeneze kwa mkono wake ni hili. Andika sentensi 12, tatu kwa kila njeo, -li-, -na-, -ta-, -me-, bila neno lolote la wakati. Zichanganye. Mwanafunzi ana kadi nne: imepita, inaendelea, bado, tayari. Mwalimu asome kila sentensi mara mbili kwa mwendo wa kawaida, mwanafunzi anyanyue kadi. Hasemi chochote. Akipata tisa au zaidi, mnaweza kuanza kuzungumza. Akipata chini ya hapo, ongezeni sentensi nyingine 12 siku inayofuata.

Yanayoharibika ni matatu na hujirudia kila mwaka. La kwanza, mwalimu anavuta sauti, "ni-LIII-pika", akidhani anasaidia. Mwanafunzi hupata 12 kati ya 12, kisha anatoka nje, muuza matunda anamwambia "nimeuza yote" naye anasubiri auziwe. La pili, neno la wakati linapenya kwa mlango wa nyuma: "nilipika wali wa sikukuu iliyopita". La tatu, mwalimu hawezi kuvumilia mwanafunzi anyamaze, anamdai arudie kila sentensi. Kazi ya zoezi ni sikio. Mdomo una zamu yake, na hapo ndipo Merrill Swain ana neno: mwaka 1985 alieleza, kutokana na shule za Kanada ambako watoto walifundishwa masomo kwa Kifaransa, kwamba miaka ya kusikia na kuelewa haikuwafikisha kwenye sarufi sahihi, na kwamba kulazimika kusema kuna kazi ambayo kusikia hakuifanyi.

Matini nyepesi isiyokuwa ya kitoto

Hu na Nation, mwaka 2000, walipata kwamba msomaji anayetaka kuielewa hadithi ya Kiingereza bila msaada anahitaji kujua takriban asilimia 98 ya maneno yake. Katika matini ya maneno 200, yasiyojulikana ni manne tu. Akijua asilimia 90 tu, mapya ni maneno 20, na hapo kusoma kumegeuka kupekua kamusi. Kwa Kiswahili hesabu hii haitoshi peke yake, kwa sababu "hatukumwandikia" kwenye karatasi ni neno moja, lakini lina vipande saba: ha-tu-ku-mw-andik-i-a. Mwanafunzi anayejua "andika" bado anaweza kukwama hapo. Kwa hiyo mwalimu tarajali ahesabu mara mbili: mizizi mipya, kisha vitenzi vyenye vipande ambavyo mwanafunzi hajawahi kuviona pamoja. Kimoja au viwili vya aina ya pili kwa ukurasa vinatosha.

Wakiambiwa warahisishe habari ya gazeti, wengi hukatakata. "Mkulima huyo aliyepoteza ng'ombe wake wote kutokana na ukame amehamia mjini" inakuwa "Mkulima ana ng'ombe. Ng'ombe wamekufa. Mkulima yuko mjini." Maneno ni mepesi, lakini kile alichokuja kujifunza, -ye-, "kutokana na", "amehamia", kimetupwa nje. Michael Long alitetea njia nyingine, ya kupanua badala ya kupunguza: "Mkulima huyo alikuwa na ng'ombe wengi. Aliwapoteza wote kutokana na ukame. Ukame ni kipindi kirefu bila mvua: majani yalikauka, maji yakaisha, ng'ombe wakafa. Sasa mkulima huyo aliyepoteza ng'ombe wake amehamia mjini. Haishi tena kijijini." Matini imerefuka na imekuwa rahisi, na umbo gumu limebaki, likiwa limezungukwa na maana yake. Kila mwalimu tarajali afanye matini tatu za namna hii na azijaribu kwa mgeni halisi. Kuzisahihisha kwa macho ya mkufunzi peke yake hakutoshi.

Mwanafunzi amekosea, sasa nini?

Roy Lyster na Leila Ranta walirekodi madarasa manne ya watoto waliokuwa wakifundishwa kwa Kifaransa karibu na Montréal, wakachapisha matokeo mwaka 1997. Asilimia 55 ya mirejesho ya walimu ilikuwa ya aina moja: mwalimu anarudia sentensi ya mwanafunzi ikiwa imenyooshwa, kisha wanaendelea. Mirejesho hiyo ndiyo iliyofuatwa na mwitikio mdogo kuliko yote. Asilimia 31 tu ya mara hizo mwanafunzi alifanya chochote nayo. Mwalimu alipomvuta mwanafunzi atoe umbo mwenyewe, mwanafunzi aliitika kila mara.

Kwa Kiswahili jambo hili lina sura yake. Mwanafunzi anasema, "Mwalimu, kitabu yangu imepotea." Mwalimu, kwa malezi mema aliyolelewa, anajibu, "Oo, kitabu chako kimepotea? Pole sana!" Mwanafunzi: "Ahsante." Utu umetimia, na hilo si dogo. Lakini "chako" na "kimepotea" zimepita bila kuonekana, na mwanafunzi amesikia pole tu. Mwalimu aliyefunzwa atasema "Pole sana. Kitabu ch...?" na kunyamaza. Au "Samahani, nini kimepotea?" Au, kama somo la ngeli limeshafanyika, "Kitabu ni KI-VI, sema tena." Pole ibaki, lakini isifunge mazungumzo.

Tahadhari mbili. Watoto wa Montréal si watu wazima wa darasa la Kiswahili, na kuitikia papo hapo si sawa na kushika kwa kudumu. Pia kurudia kwa kunyoosha kuna nafasi yake, hasa pale umbo ni jipya kabisa na mwanafunzi hana cha kuvuta kichwani. Kuwe kufupi, kugusa kosa moja, na sauti ionyeshe palipobadilika.

Zoezi hufanywa na watu watatu. Mmoja ni mwanafunzi, anasoma kutoka kwenye kadi sentensi kumi zilizotoka katika sauti walizorekodi. Mmoja ni mwalimu na hajui kitakachokuja. Wa tatu anaweka alama: aina ya mrejesho, na kama mwanafunzi alipata nafasi ya kusema tena. Dakika nne, kisha zamu inazunguka. Kabla ya kuanza, mwalimu atangaze umbo moja analolilenga, mengine ayaache yapite. Hili la kuacha ndilo gumu kuliko yote kwa mzawa anayekipenda Kiswahili chake. Akisahihisha kila kitu, kufikia sentensi ya tano mwanafunzi amebaki na "ndiyo" na "hapana".

Kimya, na Kiingereza

Mary Budd Rowe alipima muda ambao walimu wa sayansi wa Marekani huwasubiri wanafunzi wajibu: kama sekunde moja. Walipofundishwa kusubiri tatu na zaidi, majibu yalirefuka na waliojibu waliongezeka. Mtu anayejenga "sikumwona" kichwani anahitaji sekunde hizo kuliko mtoto wa sayansi. Mwalimu agonge kidole mara nne kwenye paja kabla ya kufungua mdomo. Kinachoharibika ni kwamba kimya humwaibisha, na njia fupi ya kukiua ni Kiingereza.

Piga hesabu. Kozi ya dakika 50, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 15, ni saa 37 na nusu. Taasisi inayofundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani, FSI, hukadiria kwamba Kiswahili huchukua takriban wiki 36 za masomo ya kutwa, kama saa 900, kufikia kiwango cha kufanyia kazi. Hiyo ni mihula 24 ya kozi ile. Nusu ya kipindi ikienda kwa Kiingereza, ni mihula 48. Maelezo ya dakika tatu kwa Kiingereza kuhusu jambo gumu ni matumizi halali. "Very good, now open page ten" ni wizi mdogo wa kila siku.

Kuhusu kukumbuka nitasema kwa ufupi. Roediger na Karpicke, 2006, walionyesha kwamba waliojipima walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko waliosoma tena na tena, ingawa baada ya dakika tano wasomaji ndio walioongoza. Kwa hiyo dakika tano za mwanzo wa kipindi madaftari yafungwe, mwanafunzi aandike anachokumbuka cha juzi na cha wiki iliyopita.

Waonje wenyewe

Karibu kila darasa la ualimu Tanzania au Kenya lina mtu anayesema lugha isiyo ya Kibantu: Kiiraqw, Kimaasai, Kijaluo, pengine Kisandawe. Mpe dakika 20 awafundishe wenzake bila Kiswahili wala Kiingereza: maneno 12, miundo miwili ya sentensi. Lugha ya Kibantu haifai, kwa kuwa watabahatisha ngeli. Kesho yake, bila taarifa, waandike wanachokumbuka. Wengi wanabaki na maneno matatu au manne, na kwa mara ya kwanza wanaelewa kwa nini jedwali la ngeli siku ya kwanza halimsaidii mtu.

Kisha ufundishaji wa muda mfupi, ulioanzia Stanford mapema miaka ya 1960: dakika nane, wanafunzi watano, umbo moja, video. Mwalimu ajitazame, achague jambo moja la kubadilisha, afundishe tena siku hiyohiyo kwa kundi jingine. Vyuo vingi huacha mzunguko wa pili kwa sababu ya muda. Heri kupunguza idadi ya masomo kuliko kuuacha huo.

Fomu ya ukaguzi wakati wa mazoezi ya kufundisha nayo ibadilike. Andalio la somo, zana, sauti, matumizi ya ubao: vyote hivi vinamhusu mwalimu. Mkaguzi aketi kando ya mwanafunzi mmoja aliyemchagua mwenyewe, na kwa dakika 15 aandike kila neno la Kiswahili ambalo mwanafunzi huyo amelisema, na kilichofuata kila alipokosea. Mara nyingine karatasi hurudi na maneno manane, somo likiwa limependeza sana kwa nje. Mazungumzo ya baada ya somo yaanze na karatasi hiyo.

Mwisho, zile dakika tatu zisitupwe. Utafiti wa Kiswahili kinavyojifunzwa na wageni ni mchache mno ukilinganisha na wa Kiingereza, na vyuo vyetu vina malighafi ambayo wengine hawana. Kila sauti ihifadhiwe pamoja na maandishi yake, lugha ya kwanza ya msemaji, na saa alizosoma. Jina lake lisiwepo, na ridhaa yake iwe kwa maandishi. Darasa la walimu 20 kwa miaka mitano litaacha sauti 100. Kwa hizo, mwalimu tarajali wa mwaka wa sita ataweza kuuliza mambo ambayo leo hatuna pa kuyatazama: Mjapani na Mwarabu wanashika -mw- kwa wakati mmoja? "Hapana penda" hutoweka baada ya saa ngapi za masomo, na kitu gani huingia mahali pake?